Nyota nne kwa binti aliyefukua mtaro wetu

Huduma: ukaguzi wa mtandao mpya wa faiba, nyumba 64, Goba, Dar es Salaam. Siku tatu saiti, siku tisa za kusubiri ripoti. Tulilipa shilingi 1,700,000. Natoa nyota nne kati ya tano, na ya tano nitaeleza ilipotelea wapi.

Nianze kwa kujitambulisha, maana siku hizi kila mtu ni mtaalamu. Mimi ni fundi simu mstaafu. Niliingia Posta na Simu mwaka 1984 nikiwa na miaka 21, na shirika lilipogawanywa miaka ya tisini nikabaki upande wa simu hadi nilipostaafu mwaka 2023. Kazi yangu ilikuwa shaba: kuunga nyaya jozi kwa jozi ndani ya chemba, tochi mdomoni, maji ya mvua yamefika magotini. Faiba ilinikuta ukubwani. Nimeivuta na nimeifukia, lakini kuichomelea niliwaachia vijana wenye macho. Kwa hiyo mtu akitaka kunidanganya habari za mtaro atapata taabu. Akinidanganya habari za mwanga ndani ya kioo, anaweza kufanikiwa kwa dakika chache.

Sisi ni ushirika wa nyumba 64 ndani ya uzio mmoja. Mwaka jana tuliamua kwamba mtandao wa ndani ya uzio uwe mali yetu wenyewe: mitaro yetu, mabomba yetu, nyuzi zetu, na kabati moja getini. Kampuni yoyote ya intaneti iishie kwenye kabati, isitufumue bustani kila ikija. Tukatafuta mkandarasi. Simtaji jina, na mkiniuliza pembeni pia sitamtaja, maana kazi bado haijaisha na tunasalimiana.

Mkandarasi alimaliza baada ya masika, akaleta kitabu cha makabidhiano. Kitabu kizuri, karatasi nzito, jalada la plastiki, na ndani yake grafu 64 za rangi, moja kwa kila nyumba. Akaomba ile asilimia 10 tuliyokuwa tumeishikilia. Mwenyekiti wetu alikuwa ameshatoa kalamu.

Mimi nikafungua ukurasa wa nyumba yangu. Umeandikwa kwamba uzi kutoka kabatini hadi sebuleni kwangu una mita 412.6. Sasa, mimi ni jirani wa geti. Kutoka mlangoni kwangu hadi kabatini ni hatua sitini, na nyingine nazipiga kwa uvivu. Nikamuuliza msimamizi wao. Akasema, "Mzee wangu, hiyo ni pamoja na akiba tuliyokunja." Akiba ya mita 350 kwa nyumba moja? Hilo bunda lingekaa wapi, dari la kanisa? Lakini sikuwa na hoja ya kitaalamu, nilikuwa na hatua zangu sitini tu. Nikasema jambo moja: hatusaini mpaka mtu wa tatu apime.

Michango ilikuwa 28,000 kwa nyumba. Nyumba mbili zilikataa. Mmoja alisema intaneti yake iko kwenye simu, wa pili hakusema kitu, alifunga geti. Zikapatikana 1,736,000. Mkaguzi akachukua 1,700,000, na 36,000 zilizobaki zikawalipa vijana wawili wa kuchimba, pamoja na soda zao.

Alikuja Jumatatu. Tulikubaliana saa mbili asubuhi, akafika saa nne kasoro, foleni. Alishuka kwenye bajaji na mabegi mawili meusi na ngazi fupi ya aluminiamu. Binti wa miaka thelathini hivi, buti za saiti, kilemba kimefungwa vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Vifaa viko kwenye gari la nyuma?"

"Ni hivi hivi mzee."

Nilikuwa natarajia mashine. Badala yake akaomba kiti, mkataba, ramani ya mitaro, ankara za mkandarasi na kile kitabu kizuri. Akakaa chini ya mwembe, akasoma. Saa nzima. Saa ya pili. Mweka hazina akanivuta pembeni: "Tumemlipa mtu aje kusoma?" Nikamwambia asubiri, ingawa na mimi nilikuwa naanza kuhesabu pesa.

Saa sita akaniita. Alikuwa amechomoa karatasi mbili kutoka kwenye kitabu, ya nyumba namba 3 na ya nyumba namba 58. Akazibandanisha, akaziinua kuelekea juani. Mistari miwili ikawa mmoja.

Hapa inabidi nieleze, kwa wasioijua mashine inayochora grafu hizo. Inaitwa OTDR: inatuma mpigo wa mwanga ndani ya uzi, halafu inasikiliza mwangwi. Kila kipande cha kioo kinarudisha mwanga kidogo sana. Palipounganishwa, palipokunjwa au palipokatika, mwangwi unabadilika. Ndani ya kioo mwanga unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mashine ikihesabu muda inajua umbali. Mita moja, kwenda na kurudi, ni nanosekunde 10. Unachokiona kwenye kioo cha mashine ni mstari unaoshuka taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, na vidato na miiba njiani. Uzi ukiisha, mstari unaanguka, na kinachobaki kulia ni vurugu tupu, kama mikwaruzo ya redio isiyoshika stesheni.

Binti aliweka kidole palepale, kwenye vurugu.

"Mwisho wa uzi ungeweza kufanana, mzee, kama nyumba ziko umbali mmoja. Lakini hii mikwaruzo haifanani hata ukipima uzi uleule mara mbili mfululizo. Tazama hapa. Mwiba kwa mwiba."

Tukazipitia zote, mimi, yeye na mweka hazina ambaye sasa alikuwa amesahau malalamiko yake. Karatasi 64, picha moja. Walichobadilisha ni namba ya nyumba juu kulia. Walipima uzi mmoja mahali fulani, pengine hata si kwetu, wakautumia kwa mtaa mzima. Hatua zangu sitini zilikuwa sahihi.

Ukaguzi ungeishia hapo, mimi ningekuwa nimeridhika na pesa yangu. Binti alikunja karatasi akasema sasa ndiyo tunaanza, kwa sababu vipimo vya uongo havina maana kwamba kazi ni mbaya. Inawezekana wamejenga vizuri wakawa wavivu wa kupima. Nilimheshimu kwa sentensi hiyo.

Mchana tukaenda kwenye mtaro. Mkataba unasema bomba lilale sentimita 80 chini, na juu yake upite utepe wa tahadhari wa rangi, ili jembe la kesho likutane na utepe kabla ya kukutana na faiba. Msimamizi wa mkandarasi, ambaye tulimwita awepo, alikuwa mwepesi wa kuonyesha mahali pa kuchimba: hapa panafaa, na pale. Binti akamshukuru, akaenda kuzungumza na mlinzi wetu wa usiku. Akamuuliza vijana wa mtaro walilalamikia wapi, na siku gani walimaliza mapema. Mlinzi anajua kila kitu. Akamwambia: kwenye mwembe, kwa sababu ya mizizi, na kule nyuma kwenye karo, kwa sababu ya harufu.

Mashimo yalikuwa sita. Mawili aliyapanga alipoonyesha msimamizi, manne alipotaka yeye. Ya msimamizi yalitoka sentimita 80 na 78, utepe upo, bomba limelala kwenye mchanga, raha tupu. Ya kwake: 55, 41, 32, na pale kwenye mwembe, 29. Sentimita 29! Mke wangu anapanda mihogo chini zaidi ya hapo. Utepe haukuwepo kwenye hata moja ya mashimo hayo manne. Alipima kwa ubao uliolazwa juu ya shimo na futi ya chuma, akaweka futi ndani ya shimo, akapiga picha na namba ya nyumba ya karibu ikionekana nyuma. Kila shimo hivyohivyo. Msimamizi alikuwa kimya, anaangalia simu.

Nina ugomvi na binti hapo, nitaurudia chini.

Kabla ya jua kuzama akafanya jambo dogo ambalo mimi, kwa miaka yangu yote, nililiona aibu kutolifikiria. Ganda la kebo limechapwa namba kila mita. Akasoma namba kabatini, akasoma namba mwisho wa kebo, akatoa. Kebo tatu, jumla mita 2,212. Ankara ilisema 2,600. Tofauti mita 388, na kwa bei ya mkataba ya 1,900 kwa mita ni shilingi 737,200. Karibu nusu ya gharama ya ukaguzi, kwa kusoma maandishi ya kwenye ganda.

Siku ya pili ilikuwa ya kabati, na hapo ndipo nilipojifunza.

Alitoa kifaa chenye umbo la bastola, darubini ya kutazamia konekta, yaani vichwa vya nyuzi vinavyochomekwa, kinachoonyesha picha kwenye kioo kidogo. Kiini cha uzi, pale mwanga unapopita, kina upana wa mikroni 9. Uzi wote wa kioo ni mikroni 125. Punje ya vumbi ambayo huioni kwa macho inaweza kukaa juu ya kiini ikakifunika chote. Akachomeka konekta ya kwanza, akaniita nitazame. Nikaona duara la kijivu, kama mwezi mpevu, na juu ya mwezi mistari iliyojipinda, mmoja ndani ya mwingine.

"Hii ni nini?"

"Kidole cha fundi, mzee."

Alama ya kidole, safi kabisa, ungeweza kumpelekea polisi. Fundi alishika konekta kwa ncha yake, akaichomeka, akaenda chai. Binti akachukua kalamu ya kusafishia, akabonyeza mara moja, ikalia tik, akatazama tena: mwezi mtupu. Kati ya konekta 64, 23 zilikuwa chafu. Kumi na tisa zilisafishika. Nne zilikuwa na mikwaruzo iliyopita katikati, hizo hazina dawa, ni kukata na kuunga upya. Alinionya pia kwamba kifuniko cha plastiki hakimaanishi usafi. Kifuniko chenyewe huacha uchafu, kwa hiyo unatazama kila mara kabla ya kuchomeka, hata konekta iliyotoka kwenye pakiti leo.

Nyumba namba 12 ilikuwa na konekta ya bluu ndani ya adapta ya kijani. Kwa mtu wa shaba hiyo ni rangi tu. Kumbe ya kijani imesagwa kwa mshazari wa digrii 8 na ya bluu haina mshazari, zikikutana hazigusani sawasawa, mwanga unapotea na mwingine unarudi ulikotoka. Nyumba ya 5 na ya 6 zilikuwa zimebadilishana nyuzi. Uzi wa tano ni kijivu, wa sita ni mweupe, na aliyeunga alikuwa na tochi mbovu au haraka ya kwenda nyumbani. Hilo halikunishangaza. Kwenye shaba pia jozi zilibadilishana, na mtu alijikuta anapokea simu za mchumba wa jirani.

Chini ya kabati, kwenye udongo, kulikuwa na vipande vya nyuzi vilivyokatwa na kuachwa. Vioo vyembamba kama unywele, vinaingia kwenye ngozi na huvioni. Watoto wetu wanacheza gololi hapo. Binti alipiga magoti, akavikusanya kwa utepe wa gundi, akavitia kwenye chupa yenye kifuniko. Haikuwa kwenye mkataba wake. Alitumia kama robo saa.

Sasa nyumba namba 41.

Kampuni moja ya intaneti ilikuwa imeshaunganisha nyumba tisa kwa majaribio, na nane zilikuwa zinakwenda vizuri. Nyumba ya 41 intaneti ilikuwa inakatika kila jioni. Mama mwenye nyumba, mwalimu, alilalamika wiki tatu. Msimamizi alimjibu kwamba ni mkongo wa baharini. Tangu tarehe 12 Mei 2024, zile nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika na Afrika Mashariki nzima ikakaa na intaneti ya kobe, mkongo wa baharini umekuwa jibu la kila kitu. Rauta imezimwa, mkongo. Bando limeisha, mkongo.

Binti alipima mwanga unaofika sebuleni kwa mwalimu: hasi 27.3. Akapima kwa jirani ukutani: hasi 19. Kwa desibeli, alinieleza, kila tatu zinazopungua ni nusu ya mwanga imekwenda, kwa hiyo mwalimu alikuwa anapata chini ya moja ya sita ya alichopata jirani. Na vifaa vya nyumbani vya aina hii huanza kukata tamaa karibu na hasi 27. Ndiyo maana intaneti ilikuwa inakuja na kuondoka.

Akachomoa uzi kwenye splita, kigawanyio cha mwanga kule kabatini, akaupima kwa OTDR, na hapa alitumia kijisanduku chenye mita 150 za uzi mbele ya mashine. Nilimuuliza cha nini. Akasema mwangwi wa konekta ya kwanza unaipofusha mashine kwa mita kadhaa, kama taa za gari usoni, kwa hiyo unaipa uzi wa kuanzia ili upofu uishie humo. Mkandarasi hakutumia. Kwa uzi mfupi kama wangu, konekta ya kabatini isingeonekana kamwe.

Alipima kwa rangi mbili za mwanga ambazo jicho halizioni. Kwa nanomita 1310, karibu na mwisho wa uzi ulipotea mwanga wa desibeli 1.9. Kwa 1550, mahali palepale, desibeli 10.4. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Pamekunjwa," akasema. Mwanga wa 1550 hauvumilii kona kali kama wa 1310. Uzi ukiwa umeungwa vibaya, zote mbili zingepoteza karibu sawa.

Tukaenda kwa mwalimu. Boksi dogo jeupe limefungwa ukutani nyuma ya mlango. Akafungua skrubu mbili. Waya wa ziada ulikuwa umekunjwa mara mbili kama leso, ukabanwa kati ya boksi na ukuta. Kwenye ganda lake pameandikwa G.652D, aina ya uzi wa kawaida, wakati mkataba ulitaka G.657A2 kwa waya wa ndani ya nyumba, ule unaostahimili kona. Akaacha kipimo kikiwa kimewaka, akaanza kuukunjua polepole kwa vidole viwili. Hasi 27.3. Hasi 25. Hasi 22.8. Ukabaki duara pana kama kisahani cha chai. Hasi 19.6.

Mwalimu alikuwa amesimama na kikombe mkononi. "Kumbe bahari iko nyuma ya mlango wangu."

Msimamizi hakuwepo siku hiyo. Alikuwa na udhuru.

Siku ya tatu ilikuwa ya kurudia: nyumba zote 64, kila moja kwa rangi mbili, na zile zenye maungio kwa kupima kutoka pande zote mbili. Jirani yetu mhasibu aliona kwenye kioo cha mashine ungio limeandikwa hasi 0.08 ya upotevu, akauliza kama kioo kinazalisha mwanga. Swali zuri. Inatokea ukiunga nyuzi mbili zisizorudisha mwangwi kwa kiwango kimoja. Ukipima upande mmoja inaonekana umepata faida, upande wa pili inaonekana umepata hasara kubwa, na ukweli ni wastani wa hizo mbili. Mhasibu alisema amewahi kuona vitabu vya namna hiyo.

Kulikuwa pia na chemba ya nyuma, ile ya karo. Maji yalikuwa yamejaa nusu na chura wawili. Kopo la maungio lilikuwa ndani ya maji, na mpira wake wa kuzuia maji umekaa upande. Binti aliweka hewa kwa pampu ndogo, akapaka povu la sabuni, tukaona mapovu yanacheka. Hapo nilitaka kulia kwa kumbukumbu. Sisi kebo zetu kubwa za zamani tulikuwa tunazijaza hewa kavu ili maji yasiingie, na tulitafuta tundu kwa sabuni vilevile, kwenye ndoo, kwa brashi ya rangi.

Haya, nyota ya tano.

Kwanza, ripoti ilichukua siku tisa baada ya yeye kuahidi tano. Pili, ilikuja kwa Kiingereza kitupu, kurasa 41. Mimi naisoma, mhasibu anaisoma, lakini ushirika una nyumba 64 na wengi walitaka kujua jambo moja tu, nyumba yangu ikoje. Nililalamika, akatuma ukurasa mmoja wa Kiswahili kesho yake, jedwali lenye namba ya nyumba, tatizo na cha kufanya. Ukurasa huo ndio ulioning'inizwa getini na ndio watu wote waliosoma. Uje nao mwanzoni, binti.

Tatu ni ule ugomvi wa mashimo. Mashimo sita kwa mtaro wa mita 1,900 ni machache. Nilimwambia palepale. Akajibu kwamba mkataba wake ulisema sita, na kwamba manne kati ya sita yakiwa mabovu inatosha kumrudisha mkandarasi afukue mwenyewe. Kwa karatasi yuko sahihi. Lakini mimi nimechimba mitaro ya nchi hii, na najua mkandarasi ataenda kurekebisha mahali penye picha tu. Kumi na mbili zingekuwa bora, na gharama ya vijana wa kuchimba ni ndogo.

Nne, na hili ndilo lililochukua nyota: kuja kupima tena baada ya marekebisho ni shilingi 400,000 za ziada, na hatukuambiwa mpaka tulipouliza. Ukaguzi unaokuta kasoro lazima uwe na safari ya pili. Bei hiyo iwekwe mezani siku ya kwanza, watu waamue.

Yaliyonifurahisha mbali na kazi yenyewe. Alitupa flashi yenye mafaili ghafi ya mashine, na kila faili lina saa na tarehe ya kipimo, tukiajiri mwingine kesho atayafungua. Aliandika ukurasa wa mwisho wenye kichwa kinachosema alivyoshindwa kuvikagua: chemba moja iliyokuwa chini ya gari la mtu aliyesafiri, na urefu wa mtaro kati ya nyumba 30 na 34 ambako kuna zege. Nimesoma ripoti nyingi za wahandisi, ukurasa huo huwa haupo. Na mwenyekiti alipomuuliza kama tumfukuze mkandarasi, alisema yeye amekuja kupima.

Mkandarasi alipopelekewa ripoti alinyamaza wiki moja, kisha akaja mwenyewe, bosi, siyo msimamizi. Hakubisha kuhusu grafu. Alisema kijana aliyepewa kazi ya kupima alikuwa ameazima mashine kwa siku moja, na siku moja haikutosha. Nilimwamini, maana nimeyaona hayo hata kwenye shaba. Tumemwongezea kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuwajibika kwa kasoro, kwa miezi sita na ile asilimia 10 bado tunayo. Mita 388 ameziondoa kwenye ankara bila maneno. Vijana wake wako kwenye mwembe sasa hivi ninapoandika, nawasikia wanagombana na mzizi, na nimeshatoka mara mbili na futi yangu.

Kwa atakayemwita binti huyu: mwambie awahi saa moja ili afike saa mbili, dai ukurasa wa Kiswahili, panga mashimo kumi na mbili, na uulize bei ya kurudi. Anarudi kwetu Jumamosi. Ngazi yake haifiki boksi za ghorofani, siku ile alisimama kwenye ndoo. Yangu ya zamani ya nguzo nimeshaitoa stoo.